Alama za Apgar si matokeo ya mtihani

Juzi msomaji kaniandikia: "Dada, kwenye kadi ya mwanangu wameandika alama ya Apgar 6/9. Mama mkwe anasema kichwa chake kitakuwa kizito kwa sababu alichelewa kulia. Ni kweli?"

Hapana, si kweli. Na ngoja nikuambie kwa nini swali hili linanichoma.

Kifungua mimba wangu alitoka kimya. Kadi yake inasema 4/8, yaani alama 4 kati ya 10 dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa, na 8 dakika ya tano. Nilikuwa naona mgongo wa mkunga tu, ameinama chini ya taa, anamfuta mtoto kwa kitambaa kikavu na kumsugua mgongoni. Kisha akambandika barakoa ndogo puani na mdomoni, akaanza kuminya mfuko wa hewa. Mwenzake alikuwa ameshika kitovu kwa vidole viwili, na kwa mkono wa pili anagonga mapigo ya moyo juu ya meza ili wote wayasikie. Hakuna aliyenieleza lolote. Baadaye kikatoka kilio chembamba kama cha paka.

Wifi yangu alikuwa mlangoni. Tangu hapo, mtoto akichelewa kutamka neno, akimwaga uji, utasikia, "Si mnajua huyu alichelewa kulia?" Basi huyo aliyechelewa kulia muhula huu kaongoza darasa zima kwenye hesabu. Wifi hajapiga simu mpaka leo. Namsubiri.

Turudi kwenye namba. Alama hizi zilibuniwa mwaka 1952 na Virginia Apgar, daktari wa nusukaputi wa Marekani, akazichapisha 1953, ili mtoto akaguliwe kwa utaratibu mara tu anapozaliwa. Vinaangaliwa vitu vitano: mapigo ya moyo, kupumua, nguvu ya misuli, anavyoitikia akiguswa au kusumbuliwa, na rangi. Kila kimoja hupewa 0, 1 au 2. Moyo ukipita mapigo 100 kwa dakika, hiyo ni 2. Jumla ya 7 hadi 10 ni nzuri. Kumi kamili dakika ya kwanza ni nadra, maana viganja na nyayo za watoto wengi huwa bado na ubuluu. Kwa mtoto mweusi rangi huangaliwa kwenye ulimi na midomo, usihangaike na mashavu.

Mkunga naye hangoji alama ndipo aanze kazi. Mtoto asiyepumua husaidiwa ndani ya dakika hiyo hiyo ya kwanza. Ikiwa dakika ya tano bado yuko chini ya 7, hupimwa tena kila baada ya dakika 5, hadi dakika ya 20. Akibaki chini sana mpaka ya 10, hapo madaktari wana sababu ya kumfuatilia kwa karibu. Njiti pia huanza na alama ndogo kwa kuwa misuli na mapafu bado ni machanga. Hakuna popote alama hii ilipowekwa kupima akili.

Kwa hiyo, mama, uliza namba zote mbili. Soma ya pili. Usimruhusu mtu yeyote, awe mkwe, wifi au shoga yako, amwandikie mwanao maisha kwa namba ya dakika moja! Uliza, andika, tunza kadi. Mtoto akiwa anapumua vizuri, omba awekwe kifuani kwako ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa ya kwanza. Kuoga kusubiri saa 24.

Wasiwasi wako uupeleke kwingine: mtoto anayekataa kunyonya, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kinachobonyea ndani, degedege, joto la 37.5 kwenda juu au chini ya 35.5, ngozi kuwa ya manjano ndani ya siku ya kwanza. Ukiona hata moja, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, iwe kadi imeandikwa 4/8 au 9/10.