Fidla: Maswali Yenu Wiki Hii

*Mwalimu, unamsifu sana mpiga fidla Yehudi Menuhin. Kwa mpigaji wa kiwango chake, kufungua shule na kuendesha vipindi vya televisheni si kushuka? (Msomaji, Arusha)*

Si kushuka hata kidogo, na fikra hii ndiyo inayotunyima walimu wazuri. Menuhin alizaliwa New York mwaka 1916. Mwaka 1929, kabla hajatimiza miaka 13, alipiga konchato (tungo ndefu za fidla ikisindikizwa na okestra) za Bach, Beethoven na Brahms jijini Berlin, zote tatu usiku mmoja. Akiwa na miaka 16 alirekodi konchato ya mtunzi Mwingereza Elgar, na Elgar mwenyewe ndiye aliyeongoza okestra. Ukubwani mkono wa upinde ukaanza kumsumbua. Alichokuwa akikifanya utotoni bila kukifikiria kiligoma kuja, ikambidi ajifunze upya: bega, kiwiko, kidole gumba. Mwaka 1952 akawa mwanafunzi wa mwalimu wa yoga B.K.S. Iyengar, nchini India.

Aliyelazimika kujieleza mwenyewe jinsi ya kushika upinde anajua pa kuanzia na mtoto. Shule yake aliifungua Uingereza mwaka 1963, na mwaka 1979 alieleza historia ya muziki katika mfululizo wa vipindi vya televisheni. Miaka hiyo yote alikuwa bado anapanda jukwaani. Wazazi, nawaomba sana: msimwambie kijana kwamba atafundisha akishindwa kupiga. Atakayeyaamini maneno hayo atakuja kufundisha kwa uchungu, na wanafunzi wake watauonja.

*Binti yangu ana miaka 12. Amechelewa? (Mama, Morogoro)*

Hapana, dada. Mtafutie mwalimu wiki hii.

*Naweza kujua fidla kwa miezi mitatu kwa kufuata video za mtandaoni? (Msomaji, Mombasa)*

Swali hili nimelijibu mara nyingi, na jibu halijabadilika: huwezi. Video haioni kidole gumba chako. Nilipokea kijana aliyejifunza hivyo mwaka mzima. Aliubana upinde hadi kucha ya gumba ikawa nyeupe, na sauti ikatoka kama mlango usiotiwa mafuta. Wiki sita hatukupiga wimbo hata mmoja. Tulivuta uzi mmoja mtupu, usiobonyezwa kwa kidole, polepole, kutoka mwanzo wa upinde hadi ncha, gumba limekunjwa na kulegea. Kama mwalimu yuko mbali, mfuate hata mara mbili kwa mwezi. Na usinunue fidla kwa kutazama picha. Mwombe anayejua aipige kwanza, umsikilize.

*Fidla ya taarabu na ya klasiki ni ala mbili tofauti? (Msomaji, Muscat)*

Ala ni ile ile, nyuzi nne na upinde. Kinachotofautiana ni mkono na sikio. Mpiga taarabu huteleza kati ya sauti na kuipamba tuni kwa namna ambayo nota zilizoandikwa hazikuonyeshi, kwa hiyo inabidi umsikie mtu. Naongeza jambo ambalo hukuuliza: wanafunzi wa klasiki wa pwani wanaoidharau taarabu wanajipunja. Kundi la Siti binti Saad lilikuwa na fidla liliporekodi Bombay mwaka 1928. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi (Dhow Countries Music Academy), kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002, kinafundisha taarabu darasani. Menuhin naye, akiwa na jina lake lote, alikaa na mpiga sitari wa India, Ravi Shankar, akajifunza muziki wa Kihindi.

*Napiga fidla na nimepewa nusu saa redioni kutangaza muziki wa klasiki. Nianzeje? (Msomaji, Nairobi)*

Nenda studio na fidla yako. Usianze na tarehe za kuzaliwa watunzi. Piga kipande kifupi cha tuni, mwambie msikilizaji, "Hii itarudi, lakini itarudi na huzuni, isubiri," kisha weka rekodi. Atasubiri kweli. Chagua kazi fupi na uiache imalizike. Kukata muziki katikati ili usome matangazo ni kumkosea mpigaji na msikilizaji pia. Na sauti ya mwisho ikizimika, hesabu hadi tatu kabla hujafungua maikrofoni.