Maswali ya Jikoni: Tui Linaloganda Likatikisika

SWALI: Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Orlando, na chakula bila nazi kwangu hakijakamilika. Krismasi majirani zangu wa Puerto Rico waliniletea sahani ya kitu cheupe cha tui, juu kimenyunyiziwa mdalasini, ukigusa sahani chote kinatikisika. Wanakiita tembleque. Nilipojaribu kupika nilipata uji wenye madonge. Naomba vipimo, na mnieleze nakosea wapi.

JIBU: Ndugu msomaji, hicho ni kitamu kinachomfaa kabisa mtu wa pwani. Puerto Rico hukipika sana msimu wa Krismasi, pamoja na arroz con dulce, wali mtamu wa tui wenye tangawizi, karafuu na mdalasini. Na nazi zao ni ndugu wa zetu: utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa minazi ya Karibi ni uzao wa ile ya Bahari ya Hindi, iliyopelekwa Afrika Magharibi na Wareno kisha ikavushwa Atlantiki.

Vipimo ni hivi: tui zito vikombe 4 (kikombe cha mililita 240), wanga wa mahindi nusu kikombe, sukari nusu kikombe hadi theluthi mbili, chumvi robo kijiko cha chai, na kijiti kimoja cha mdalasini. Wanga tunaousema ni ule mweupe, laini kama poda, wa kuzitishia mchuzi na kastadi. Unga wa sembe hautafaa hata ukichekecha mara tatu, utakupa uji.

Madonge yanatoka hapa: wanga ukikutana na tui la moto, nje ya kila donge huiva mara moja na kuufungia ndani unga mkavu. Koroga wanga wote kwenye kikombe kimoja cha tui baridi mpaka usione chembe. Vikombe vitatu vya tui vilivyobaki vitie sufuriani na sukari, chumvi na mdalasini, vipate moto bila kuchemka, kisha toa kijiti. Koroga tena ule mchanganyiko wa wanga kabla ya kuumimina, maana wanga huzama chini ya bakuli ndani ya dakika mbili tu, na ukimimina bila kukoroga nusu yake itabaki huko. Watu wengi tembleque yao haigandi kwa sababu hii.

Mimina taratibu huku unakoroga. Moto uwe wa wastani, na mwiko wa mbao upite chini na kwenye pembe za sufuria bila kupumzika. Aliyewahi kusonga haluwa anaijua kazi hii, ila hapa ni kama dakika 10 tu. Tui litakuwa jepesi muda mrefu, halafu ghafla litashika. Usiepue hapo! Subiri povu zito lipasuke juu, plop, plop, kisha endelea dakika moja au mbili. Wanga usiochemka huacha ladha ya unga mbichi na haushiki vizuri. Lakini ukiuchemsha muda mrefu huku unaukoroga kwa nguvu, unalegea tena.

Suuza vibakuli kwa maji baridi usivifute, mimina, ziba kwa plastiki inayogusa tui lenyewe ili lisifanye utando. Ikipoa, weka kwenye friji saa 4 au zaidi. Mdalasini wa unga unyunyize wakati wa kula.

SWALI: Niko Hamburg. Nitumie tui la kopo au nikune nazi?

JIBU: Kopo linafaa. Makopo mawili ya mililita 400, ongeza maji hadi vikombe 4. Soma maandishi: epuka tui lililopunguzwa mafuta, na epuka kabisa krimu ya nazi yenye sukari inayouzwa kwa ajili ya vinywaji, maana itaharibu hesabu yote ya sukari.

Lakini nazi ya kukuna ina harufu ambayo kopo halina, na tunaipendelea kila inapopatikana. Dukani itikise usikie maji, na angalia macho yake matatu: yawe makavu, bila ukungu. Ukiipasua, onja maji. Yakiwa machachu, nazi hiyo imeoza. Nazi mbili kubwa zinatosha. Kama huna mbuzi, saga vipande kwenye blenda na vikombe 2 vya maji ya moto, kamua, rudia machicha na vikombe 2 vingine, changanya matui yote mawili kisha pima 4. Chuja kwa kitambaa safi, kwa sababu kifumbu hupitisha chembe zinazokwaruza ulimi. Pika siku hiyohiyo, tui bichi huchacha upesi.

SWALI: Nikigeuza kibakuli ili kuitoa tembleque, inapasuka. Halafu naweza kuihifadhi kwenye friza? Nauliza kutoka Muscat.

JIBU: Pitisha ncha ya kisu ukingoni, lowesha sahani kidogo ndipo ugeuze, ikianguka pembeni utaweza kuisogeza katikati bila kuivunja. Friza hapana. Barafu huvunja mshikamano wa wanga, na ikiyeyuka unabaki na sifongo ndani ya maji. Kwenye friji hukaa siku tatu, ingawa siku ya pili huanza kutoa maji kidogo, ambayo unayamwaga tu. Ukitaka kutia iliki au marashi ya waridi ni ruhusa, ila mara ya kwanza ipike na mdalasini peke yake uijue ladha yake.