Chai ya kijani ilinishinda na mimi, hadi nilipoacha kuipika

Mleta mada, umesema umechoka na chai ya maziwa asubuhi mpaka usiku, ukanunua boksi la chai ya kijani, ukaishia kuimwaga kwenye sinki kwa uchungu. Pole, ila nimecheka, maana yamenikuta hayo hayo. Ya kwangu niliitokosa dakika kumi kwenye sufuria, nikatia sukari vijiko vitatu, kisha nikalilaumu boksi.

Mimi ni mzaliwa wa Tukuyu, chai nimekua nayo. Likizo tulikuwa tunaamka na mama kwenda kuchuma umande haujakauka, majani mawili na chipukizi lake. Ukichanganya na majani magumu, karani wa mzani anakurudishia mbele za watu. Halafu jioni nyumbani tunakunywa vumbi la dukani, paketi ya bei ndogo! Wala hakuna aliyetuambia kuwa chai nyeusi, ya kijani na ile nyeupe ya bei mbaya zote zinatoka kwenye mchai ule ule. Tofauti inaanzia baada ya kuchumwa. Ya kwetu majani hunyaushwa, hukatwakatwa na mashine, huachwa hewani mpaka yageuke rangi, ndipo hukaushwa. Ya kijani hupigwa mvuke au hukaangwa mapema, kabla hayajageuka.

Kwa hiyo usizipike sawa. Zile chembe ndogo nyeusi hutoa rangi na ukali upesi, zinastahimili maziwa, sukari na moto. Ya kijani haitaki jiko. Chemsha maji, zima, yaache wazi dakika tano hivi yapungue moto (kama nyuzi 80), mimina juu ya majani, hesabu dakika mbili, tatu zikizidi sana, chuja. Usitie maziwa. Siku ya kwanza utaona kama maji ya kuoshea majani, usikate tamaa. Mimi ilinichukua wiki nzima, na sasa ndiyo ya saa nne asubuhi kazini.

Lakini kabla hujaiacha ya maziwa, hebu niambie unaipikaje. Nilipoolewa Tanga nilijidai najua chai, nikatupia kila kitu sufuriani kwa mpigo: maziwa, majani, tangawizi mbichi. Maziwa yakakatika. Mama mkwe akaja akachungulia, akasema, "Mwanangu, tangawizi haikutani na maziwa haijachemka." Nikadhani ni mambo ya wazee, kumbe tangawizi mbichi ina kitu kinachogandisha maziwa, na kikichemka vizuri nguvu yake inaisha. Yeye anaanza na maji: tangawizi iliyopondwa, iliki na maganda yake, kijiti cha mdalasini, karafuu mbili tu (ya tatu chai inanuka dawa ya meno). Vikichemka mpaka jiko zima linanukia, anatia majani, yakikolea ndipo maziwa, na sukari mwishoni. Ikichemka mara ya pili anaepua. Hiyo na vitumbua, mimi sijaichoka mpaka leo. Ila ni kikombe kimoja tu, cha asubuhi.

Mchana nenda na chai ya rangi. Kamulia ndimu, utaiona rangi inapauka hapo hapo kikombeni, haijaharibika, ni ukali wa ndimu tu. Nilipokuwa mjamzito kliniki waliniambia nisinywe chai pamoja na chakula kwa sababu inazuia mwili kuchukua madini ya chuma, nikazoea kusubiri saa moja baada ya kula. Nimeendelea hivyo hivyo.

Ya kizambarau ya Wakenya nimeionja mara moja, shemeji aliniletea kutoka Nairobi. Ni aina ya mchai waliyoitafiti Kericho, wakaitoa kwa wakulima 2011. Kikombeni ina kizambarau cha mbali, ukitia ndimu inageuka waridi, watoto walishangilia kama mazingaombwe. Kwa ulimi wangu inakausha mdomo kidogo. Ya kuwaonyesha wageni sawa, ya kulia mandazi hapana.

Usiku ndiko ulikokosea zaidi, chai ya maziwa saa tatu halafu unalalamika hupati usingizi. Otesha mchaichai hata kwenye ndoo iliyopasuka. Huo si chai kwa maana ya mchai, hauna kafeini, ile inayofukuza usingizi. Kata majani matatu manne, yafunge fundo, yachemke dakika tano. Mume wangu anaongeza asali, mimi naona inaua harufu.

Jambo dogo lakini linaudhi: majani ya chai hunyonya harufu. Mimi nilihifadhi kopo la majani lenye kifuniko kibovu karibu na dagaa, wiki nzima tukanywa chai ya dagaa na hakuna mgeni aliyesema kitu, wanameza tu kwa adabu.

Umeuliza pia kuhusu rosela ya baridi, kile kinywaji cha maua mekundu. Inafaa sana kwa joto hili la Dar, ila ina uchachu, utahitaji sukari kidogo au kipande cha nanasi. Loweka maua usiku kucha kwenye maji ya kawaida, asubuhi chuja uweke kwenye friji. Na yaoshe kwanza, yale ya sokoni yana mchanga balaa.