Injini imenoki, duka linasema hukutia oili: nani alipe?

Swali: Mwezi wa tatu nilinunua brashkata ya petroli, ile mashine ya kufyekea nyasi ya kubeba begani, injini ya 2T (mipigo miwili) ya cc 43, kwa Sh 24,500 katika duka moja la vifaa vya shamba hapa Mombasa. Ilikuja na waranti ya miezi sita. Naitumia uwanjani kwangu Bamburi tu, mara moja kwa wiki, na mafuta nachanganya kama kijitabu kinavyosema, petroli 25 kwa oili 1. Wiki ya saba ilianza kupandisha mlio yenyewe hata nikiachia akseleta. Siku iliyofuata ilizima katikati ya kazi, kamba ikawa haivutiki. Fundi wa duka hakufungua chochote. Aliivuta kamba mara mbili akasema imenoki kwa kukosa oili, waranti imekufa, nilipe Sh 9,500 za silinda na pistoni, au nimfuate mwagizaji Nairobi. Risiti ninayo. Haki yangu ni ipi, na nitaonyeshaje kwamba oili nilitia?

Jibu: Usilipe hizo 9,500 kwa sasa, na usikubali mashine ifunguliwe wewe ukiwa hupo. Injini ya 2T ikifa huacha alama kwenye pistoni. Fundi anayezifahamu alama hizo atakuambia kama ilikosa oili, ilivuta hewa ya pembeni, ilimeza vumbi au ilizidiwa na joto. Asiyeifungua hawezi kujua. Kamba isiyovutika inaonyesha kwamba injini imekwama, haionyeshi kilichoikwamisha.

Katika maelezo yako kuna jambo moja ambalo fundi huyo alipaswa kulishikilia: mashine kupandisha mlio yenyewe. Injini hii haina sampu, yaani bakuli la kuhifadhia oili. Oili huingia pamoja na petroli, hupita kwenye kasha la krenki (chumba kilicho chini ya pistoni), hulainisha beringi na pistoni, kisha huungua. Ndiyo maana kasha hilo halitakiwi kuvuja hata kidogo. Linazibwa na sili mbili za krenki (pete za kuziba), moja kila upande, na gasketi za chini ya silinda na za kabureta. Sili ikiwa imekaa vibaya tangu kiwandani, au gasketi imepasuka, hewa huingia bila kupitia kabureta. Hewa inazidi, petroli inapungua, na oili inapungua pamoja nayo. Injini hukimbia bila kuguswa, hupata moto kupita kiasi, kisha pistoni hutanuka na kukwama. Injini iliyotiwa petroli tupu kwa kawaida haina dalili hiyo. Huanza kulegea na kuwa nzito, na hukwama baada ya dakika chache za kazi nzito. Haifiki wiki ya saba.

Lakini duka linaweza kujibu kwamba wiki sita ulichanganya sawa, na galoni ya mwisho ukasahau. Kwa hiyo kimbilia kwanza mafuta yaliyobaki kwenye tangi kabla hayajamwagwa. Mbele ya mtu wa duka, chota kama mililita 200 kwenye chupa safi ya kioo yenye kifuniko cha chuma, kisha nyote wawili mwandike tarehe na majina kwenye lebo. Usitumie chupa laini ya plastiki, petroli inaweza kuiharibu. Oili nyingi za 2T zina rangi, buluu, kijani au nyekundu, na mchanganyiko wa 25 kwa 1 huonyesha rangi hiyo waziwazi ukiinuliwa kwenye mwanga. Dondosha pia tone moja kwenye karatasi nyeupe, nje, mbali na moto. Petroli ikikauka, mchanganyiko huacha doa la mafuta, na petroli tupu huacha karatasi karibu kama ilivyokuwa. Doa hilo halikuambii kama ni 25 au 50 kwa 1. Linakuambia oili ilikuwamo, na hilo ndilo fundi wao amelikana.

Kabla ya kwenda, jiulize kwa ukweli umekuwa ukitia oili gani. 25 kwa 1 ni mililita 40 kwa kila lita ya petroli, yaani 200 kwa galoni ya lita 5. Kwetu Pwani oili ya 2T ya mashine za boti imejaa madukani, na wengi huitia kwenye brashkata kwa kuwa nayo ni ya 2T. Ile yenye alama TC-W3 imetengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji. Injini ya kupozwa na upepo inahitaji yenye alama ya JASO FC au FD. Ikiwa ulitia ya boti, duka lina hoja ya kweli. Ila kama ni wao waliokuuzia chupa hiyo pamoja na mashine, hoja inawarudia, kwa hiyo tafuta risiti yake.

Sasa uchunguzi. Omba ufanywe dukani mbele yako, simu ikirekodi. Usifungue mwenyewe nyumbani wala kwa fundi wa mtaani, maana skrubu moja yenye alama ya bisibisi itakuwa sababu mpya ya kukukatalia.

Anzieni kwenye kabureta bila kugusa kitu. Pigeni picha skrubu za kurekebishia mafuta. Kama kofia zake za plastiki ziko mahali pake, huwezi kulaumiwa kwamba ulipunguza petroli. Fungueni chujio la hewa, mpige picha uchafu uliopo au usiokuwapo. Kisha ondoeni ekzosi, ambayo kwa kawaida hushikwa na boliti mbili, mmulike tochi kwenye tundu la silinda. Ubavu wa pistoni wa upande wa ekzosi utauona hapo hapo. Upande wa pili unaonekana kabureta na kipande cha plastiki kinachoibeba vikishatolewa.

Alama zisomwe hivi. Mikwaruzo mizito pande zote mbili, kichwa cha pistoni kikiwa kisafi na kikavu, na beringi za krenki hazina hata utelezi, hapo oili ilikosekana kweli. Mikwaruzo ikiwa upande wa ekzosi tu, huku upande wa kabureta ukiwa laini na ndani ya kasha mna utando wa oili, hiyo ni injini iliyolainishwa lakini ikaungua, kwa hewa ya pembeni, kwa petroli kuwa kidogo, au kwa mapezi ya silinda (mabapa membamba ya kuipoza) kuzibwa na nyasi. Mapezi yanaonekana kwa macho, yapigeni picha. Upande wa kabureta ukiwa umesuguka na kuwa kijivu kisichong'aa, wenye mistari myembamba ya wima, ni vumbi lililopita kwenye chujio.

Pistoni ikionyesha kwamba oili haikuwapo, na chupa yako ya sampuli haina rangi wala doa, lipa matengenezo. Kesi hiyo huna.

Ikionyesha upande wa ekzosi tu, dai kipimo cha upepo. Tundu la ekzosi na la kabureta huzibwa kwa mpira, pampu ndogo ya mkono hutia upepo wa takriban baa 0.5, na mshale unatakiwa utulie bila kushuka kwa angalau sekunde 20. Kisha pampu igeuzwe ivute, kwa sababu kuna sili inayohimili upepo wa kusukumwa lakini ikavuja inapovutwa, na injini ikifanya kazi kasha hupata yote mawili. Sabuni ya maji ikipakwa kwenye maungio hutoa mapovu pale panapovuja. Na hapa ndipo ushahidi mwingi hupotea: kama pistoni imekwama pabaya, kipimo hakitasomeka mpaka silinda itolewe. Basi wafunge silinda mpya juu ya sili zilezile za zamani, wapime, halafu ndipo wazibadilishe. Fundi akibadilisha kila kitu kwa pamoja, hutajua kamwe ni sili ipi iliyovuja.

Upande wa sheria, tenganisha mambo mawili ambayo duka linayachanganya. Waranti ya miezi sita ni ahadi ya ziada iliyoandikwa kwenye karatasi. Chini yake ipo dhamana ya sheria ambayo haihitaji karatasi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, kifungu cha 16, inamtaka anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo auze kitu chenye ubora wa kuuzika. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inarudia sharti hilo na kubatilisha masharti yanayojaribu kulifuta. Yale maneno ya chini ya risiti, kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi, hayaondoi dhamana hiyo. Na anayewajibika nayo ni aliyepokea pesa zako. Mwagizaji wa Nairobi hukuuziana naye. Duka likitaka kumdai, na limdai lenyewe.

Usidhani lakini kwamba sheria itakufanyia kazi yote. Anayedai jambo ndiye wa kulithibitisha: wewe utaonyesha kwamba mashine ilikuwa na kasoro, na duka, likisema uliitumia vibaya, nalo lionyeshe hivyo. Kipimo cha kesi ya madai ni lipi lina uwezekano zaidi, na picha ya pistoni pamoja na chupa ya mafuta yenye majina mawili ni uzito mkubwa kwenye mizani hiyo. Jambo jingine ni muda. Baada ya wiki saba za kuitumia, duka linaweza kusema uliikubali mashine na huwezi tena kuikataa yote. Kwa hiyo omba kwanza itengenezwe bila malipo, na kurudishiwa pesa kuwe ombi la pili.

Risiti itoe kopi leo. Karatasi nyingi za risiti huchapwa kwa joto na hufifia haraka, hasa zikiachwa ndani ya gari. Hifadhi pia ujumbe wa M-Pesa ikiwa ulilipa kwa simu. Kisha peleka barua, nakala yako ipigwe muhuri au isainiwe na aliyeipokea. Iwe fupi kama hii:

*"Tarehe 6 Machi nilinunua kwenu brashkata yenye namba ya injini …, kwa Sh 24,500, risiti namba …. Tarehe 24 Aprili ilizima na injini haizunguki. Siku moja kabla ilikuwa ikipandisha mlio bila akseleta kuguswa. Mmekataa waranti kwa mdomo mkisema haikutiwa oili. Naomba ndani ya siku 14 mnipe kwa maandishi sababu ya kukataa, picha za pistoni pande zote mbili, na matokeo ya kipimo cha upepo cha kasha la krenki. Vipuri vitakavyotolewa visitupwe, nitavichukua. Ikiwa hakuna ushahidi wa matumizi mabaya, naomba mashine itengenezwe bila malipo pamoja na kuondolewa chanzo cha hitilafu, na isipowezekana nirudishiwe bei niliyolipa."*

Sentensi ya vipuri usiiache. Pistoni ikishaingia kwenye pipa la chuma chakavu, umebaki na neno lako dhidi ya lao.

Barua peke yake mara nyingi inatosha, kwa sababu mwenye duka ndiye anayeisoma, na huenda yaliyosemwa kaunta hakuwahi kuyasikia. Siku 14 zikipita kimya, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji. Lakini kama unachotaka ni pesa zako au mashine yako, mlango ulio karibu zaidi ni Mahakama ya Madai Madogo, na Mombasa ipo. Iliundwa kwa sheria ya 2016, hupokea madai yasiyozidi Sh 1,000,000, inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60 tangu dai kufunguliwa, na wakili si lazima. Peleka risiti, barua iliyopokewa, picha kwa mpangilio wa tarehe, sampuli ya mafuta na kijitabu chenye ukurasa wa 25 kwa 1. Maelezo ya maandishi ya fundi mwingine anayeaminika, aliyeziona picha au pistoni yenyewe, yataongeza nguvu.

Duka likikubali kutengeneza, usichukue mashine kwa sababu tu inawaka. Silinda na pistoni mpya juu ya sili inayovuja zitakwama tena, pengine siku chache baada ya waranti kuisha. Karatasi ya kazi iandikwe ni sili zipi na gasketi zipi zilizobadilishwa, na kipimo cha upepo baada ya kufunga kilisomeka ngapi. Kisha iwake hapo hapo dukani na iachwe ipate moto kwa dakika tano. Bonyeza akseleta mpaka mwisho, iachie ghafla, usikilize. Mlio unatakiwa ushuke mara moja na kutulia, kisu kisizunguke. Ukichelewa kushuka, au ukipanda tena wenyewe, iache kaunta na uandikishe hivyo kwenye karatasi ileile.