Kwa mnaoanza kazi ya kufundisha uhifadhi wa chakula nyumbani: pimeni hapa Nairobi kwanza

Kila mwaka embe zinapojaa Marikiti na bei kuanguka, vyama vya akina mama huanza kupiga simu: njooni mtufundishe kuhifadhi. Wengi wenu mnaotoka vyuo vya Upper Kabete, Juja au kwingineko mtaanzia kazi hapo. Na najua mtakavyojiandaa. Mtatafuta maelekezo ya Marekani au Uingereza kwenye simu, mtayaweka kwa Kiswahili, kisha Jumamosi mtaenda nayo Kangemi au Githurai. Nawaomba sana, msimfundishe mtu maelekezo ambayo hamjayapima hapa, kwenye jiko la hapa.

Sababu ya kwanza ni mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari. Maji ambayo Mombasa huchemka kwenye nyuzi 100, hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na ukipanda Limuru yanakaribia 93. Ingiza kipimajoto katika sufuria inayotokota, ncha isiguse chini, uwaite wanachama waje wasome wenyewe. Namba itapanda hadi 94 na kusimama. Ongeza moto: mvuke utajaa jikoni, maji yatapungua, na namba haitasonga. Fanya hivyo mbele ya kila kikundi kipya. Ukimweleza mtu kwa mdomo tu kwamba maji yake yanayotokota hayajafika 100, atakuitikia kwa heshima kisha aendelee na mambo yake. Akijisomea namba, yeye mwenyewe ndiye atakayewaeleza majirani.

Namba hiyo ndiyo inayoamua dakika. Chukua nyanya zilizopondwa na kuongezwa asidi, katika chupa ya nusu lita. Jedwali za Idara ya Kilimo ya Marekani zinataka chupa ichemshwe dakika 35 kwa anayeishi karibu na usawa wa bahari, 45 kwa mwinuko wa futi 3,001 hadi 6,000, na 50 kuanzia hapo kwenda juu. Katikati ya jiji tuko chini kidogo tu ya futi 6,000. Ngong, Kikuyu na Limuru zimevuka. Mimi huwafundisha wote 50, kwa sababu mwanachama mmoja hukaa bondeni na dada yake hukaa mlimani, na karatasi ya maelekezo huhama kutoka nyumba hadi nyumba.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni asidi. Bakteria anayeitwa Clostridium botulinum hukaa udongoni, kwa hiyo huingia jikoni na kitunguu, karoti, hata majani ya kunde. Mbegu zake, zile spora, haziuawi na maji yanayochemka, yawe ya Mombasa au ya Nairobi. Ili zife kwa muda unaofaa zinahitaji joto la nyuzi 121, ambalo hulipati bila mvuke wenye shinikizo. Zikifungiwa mahali pasipo na hewa, penye unyevu, asidi kidogo na joto la kawaida la nyumba, huamka na kutengeneza sumu inayolemaza misuli, na ugonjwa wake huitwa botulizimu. Chupa iliyofungwa vizuri ndiyo makao yake hasa. Kinachozizuia kuamka ni asidi: pH, yaani kipimo cha asidi ambacho namba yake hushuka kadiri asidi inavyozidi, ikiwa 4.6 au chini ya hapo, haziwezi.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza juu ya chakula chochote kinachotiwa chupani ni pH yake. Ulimi hautakupa jibu. Papai lina ladha ya tunda, lakini pH yake mara nyingi huzidi 5. Embe bichi ni kali, ila embe lililoiva sana, lile tamu la kunyonya, linaweza kuvuka mpaka. Nyanya huchezacheza pale pale mpakani, mara chini, mara juu, kutegemea aina na uivaji. Ndiyo maana kila lita ya nyanya hutiwa vijiko vikubwa viwili vya maji ya limau ya dukani, au nusu kijiko cha chai cha asidi ya sitriki. Limau la kukamua mwenyewe ukali wake hautabiriki, kwa hiyo usilitegemee kwa kazi hii. Siki nayo soma lebo. Maelekezo mengi yanataka yenye asidi ya asilimia 5.

Kuhusu kupima: vile vikaratasi vya kubadilika rangi havifai kwa nyanya wala pilipili, kwa sababu wekundu wa mchuzi hushika karatasi na utabaki ukibahatisha. Tafuteni mita ya pH, muirekebishe kwa maji ya kipimo, yale yenye pH inayojulikana, ya 4 na ya 7 kila mnapoanza kazi. Saga kila kitu pamoja, vipande na mchuzi, ndipo upime, kwani kipande cha karoti kwenye achari hubaki na asidi kidogo ndani hata kama siki inayokizunguka ni kali. Kisha acha siku moja ipite upime tena. Mnaokosa vifaa, ombeni msaada kwa idara ya sayansi ya chakula ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Upper Kabete, au JKUAT, kile chuo kikuu cha Juja.

Kuna kitu kimoja ninachokipiga vita waziwazi, nacho ni pilipili na kitunguu saumu vibichi vilivyozamishwa kwenye mafuta, vikafungwa chupani na kuwekwa kabatini. Kinapendwa mno mjini. Mafuta hayaui chochote. Yanafukuza hewa tu. Anayekipenda atengeneze kidogo, akiweke kwenye friji, akile ndani ya siku chache. Vivyo hivyo maharagwe, nyama, mahindi mabichi na mboga za majani visitiwe chupani na kuchemshwa kwenye sufuria ya kawaida hata kwa saa nyingi. Vinahitaji mtungi maalum wa presha wenye geji, na kwa mwinuko wetu geji isome paundi 13 au 14, si zile 11 za pwani. Ile presha kuka ndogo ya kupikia githeri haikutengenezwa kwa kazi hii: hupata joto na kupoa upesi mno, na dakika zilizoandikwa kwa mtungi mkubwa haziihusu.

Sasa, mtu ameyafanya hayo miaka yote na hajaugua. Utamwambiaje? Msianze na kukataza. Keti, omba uonyeshwe: “Shosho, hebu nifundishe unavyofanya.” Mara nyingi utakuta hatua inayolinda chakula iko mle mle ndani ya mazoea yake, ila hakuna aliyewahi kuitaja. Nyirinyiri ya ndugu zetu wa kaskazini, inayouzwa Eastleigh, hudumu kwa sababu nyama hukatwa nyembamba, ikakaushwa, ikakaangwa hadi unyevu ukaisha, ndipo ikafunikwa kwa samli. Kijana anayeruka kukausha kwa kuwa ana haraka, akafunika nyama yenye maji kwa mafuta, ameacha kile kilichokuwa kinamlinda shosho wake. Maziwa ya mala nayo yanalindwa na asidi yake yenyewe. Kazi yenu ni kuitafuta hatua hiyo, kuisifu mbele ya watu, kisha kuonyesha ilipokosekana kwingine. Mama aliyesifiwa kwa haki atakusikiliza unapofika kwenye chupa yake ya kitunguu saumu.

Kukausha ndiko ninakokupendekeza zaidi kwa nyumba zisizo na vifaa. Kunde, managu na sukuma wiki zichovywe kwanza kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache, zichujwe, zitandazwe nyembamba kwenye kikaushio cha jua chenye kifuniko, mbali na vumbi la barabara. Jani likauke hadi livunjike mkononi. Baada ya kukausha, weka kwenye chupa ya kioo wiki nzima, uitikise kila siku. Ukiona matone ndani ya kioo, rudisha juani. Julai usijaribu bila kikaushio chenye joto, mawingu yetu ya Julai yatakuozeshea kila kitu.

Nafaka msizipuuze ati kwa kuwa mko mjini; magunia ya mahindi kutoka nyumbani mashambani huja Nairobi kila baada ya mavuno. Mwaka 2004, aflatoksini, sumu inayotengenezwa na ukungu, katika mahindi iliua watu 125 miongoni mwa 317 waliougua, wengi wao Makueni na Kitui. Kupika hakuiondoi. Mahindi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo atie konzi ya mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, atikise kwa dakika chache, aache itulie. Chumvi ikishika kioo, mahindi hayajakauka vya kutosha.

Friza ni jambo fupi: baridi hulaza vijidudu, haiviui. Maharagwe yaliyochemshwa yapoe upesi kwenye vyombo vifupi. Stima ikipotea, friza iliyojaa isipofunguliwa hukaa na baridi siku mbili hivi, iliyojaa nusu siku moja.

Chama kikitaka kuuza, waelezeni mapema kwamba hapo kuna leseni ya afya na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Na jifunzeni dalili za botulizimu kabla hamjashika chupa ya kwanza. Msidhani ni ugonjwa wa ng'ambo. Mwaka 1980 jarida la tiba la Uingereza liliandika kuhusu mlipuko uliotokea hapa Kenya kwa watu waliokula kumbikumbi. Mara nyingi huanza saa 12 hadi 36 baada ya kula: kuona vitu viwili viwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito, kushindwa kumeza, kisha udhaifu unaoshuka kutoka usoni kwenda mikononi na kifuani. Huenda homa isiwepo kabisa. Chupa yenye sumu inaweza kunuka vibaya au kufura, na inaweza pia kuwa haina dalili yoyote, kwa hiyo asionje mtu ili kuhakikisha. Mgonjwa akimbizwe hospitalini bila kungoja kuona kama atapata nafuu, maana dawa ya kuzuia sumu hufaa zaidi ikitolewa mapema. Chupa isitupwe, ifungwe, iende naye, na anayempeleka amwambie daktari wazi mgonjwa amekula nini, lini, na ni nani wengine walikula.