Nguruwe wakichinjwa kwa amri ya daktari, bei yao inapigwaje?

SWALI: Niko Mukono, nafuga nguruwe 11: majike 3 (mmoja ana mimba kubwa), dume 1 na wadogo 7. Za jirani zimekufa kwa homa ya nguruwe, daktari wa mifugo anasema zangu huenda zikachinjwa ili isisambae. Mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa hapa Uganda) anasema kwenye fidia tuandike bei ya bucha, kilo mara bei, basi. Ni sawa?

JIBU: Pole sana dada. Hapana, bei ya bucha usiikubali kwa wote. Kinachothaminiwa ni mnyama akiwa hai, vile alivyokuwa kabla ugonjwa haujamgusa, na kazi aliyokuwa anakufanyia.

Bei ya bucha inafaa wale wa kunenepesha tu. Huna mizani? Chukua futi ya fundi cherehani, pima kifua nyuma ya miguu ya mbele, alafu urefu toka katikati ya masikio hadi mkia unapoanzia, kwa mita. Kifua mara kifua mara urefu mara 69.3. Kifua 1.10 na urefu 1.20 inakuja kama kilo 100 za mnyama mzima, na nyama yake haifiki kilo 80, kwa hiyo uliza kabisa bei unayoandikiwa ni ya kilo hai ama ya kilo za nyama, hapo ndo wafugaji wengi wanapoteza hela.

Jike mwenye mimba ni hesabu nyingine kabisa. Mimba ni siku 114, sasa kama daftari linaonyesha alipandwa lini, na uzao uliopita aliachisha watoto wangapi, mthamini ataangalia mfugaji mwenzako angelipa ngapi kumchukua jike kama huyo akiwa karibu kuzaa. Usidai kila mtoto wa tumboni kwa bei ya aliyeachishwa, hawajazaliwa na wengine hufa, lakini pia mimba haiwezi kuandikwa sifuri, hilo ulikatae. Dume vilevile, onyesha majike aliyopanda.

Bei ya wiki hii usiitumie. Karantini ikiwekwa soko linafungwa na wachuuzi wanatoa bei ya huruma, chukua ya kabla ya ugonjwa. Na mtu asikukate thamani ya nyama kwenye fidia, maana nyama ya nguruwe wa homa hii haifai kuuzwa, binadamu haimdhuru lakini virusi vinakaa humo muda mrefu na vinaenda kuua nguruwe wa wengine.

Haya yote yaandikwe KABLA ya kuchinja: picha ya kila mmoja, umri, vipimo, sahihi ya daktari, ya mwenyekiti na yako, ubaki na kopi. Pumba na mbao zitakazochomwa ziwe na orodha yake. Kwa kawaida fidia inahesabu anayechinjwa kwa amri, anayekufa mwenyewe bandani anaachwa nje, ndo maana nasema mmoja akianza homa mpigie daktari simu siku hiyohiyo. Pia muulize afisa mifugo wa wilaya, kwa barua, fidia ipo na nani analipa.

Futi iwe yako, usiazime kwa jirani, na mthamini aliyetoka kwa jirani asikanyage bandani kwako, asije akakuletea virusi, pima mwenyewe yeye akiandika akiwa nje ya uzio.