Leseni ya daktari mbobezi: tuliyojifunza mimi na mjomba

Mjomba wangu, daktari bingwa wa upasuaji wa watoto aliyefundisha hapa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 20, alipoalikwa kufundisha na kutibu katika jimbo la Ohio, Marekani, alihofia jambo moja tu: kuketi kwenye chumba cha mtihani pamoja na vijana wa rika la watoto wake. Kwa kawaida daktari aliyesomea nje ya Marekani hufanya hatua 3 za USMLE, mtihani wa leseni ya udaktari wa Marekani, kisha hurudia hospitalini mafunzo ambayo huenda yeye mwenyewe amekuwa akiyasimamia. Ohio, hata hivyo, hutoa cheti maalumu kwa daktari ambaye umahiri wake umekwisha kukubalika katika fani, na California nayo ina kibali kinachokaribiana na hicho kwa maprofesa wa vyuo vyake vya udaktari. Kwa kuwa nina steshenari mtaa wa Posta, makaratasi yote yaliniangukia mimi.

Tulianza vibaya, kwa kudhani kwamba daktari huomba leseni kwanza ndipo atafute kazi. Kumbe sharti uwe umeteuliwa na chuo cha udaktari kufundisha, na umekubali ajira katika hospitali ya kufundishia, kwa hiyo usilipe ada yoyote kabla barua ya uteuzi haijafika.

Kazi kubwa ilikuwa wasifu. Ule wa kwanza ulikuwa na kurasa 31, nyingi zikiwa za vyeo vya kamati na vyeti vya semina, ilhali kinachopimwa ni machapisho yaliyopitiwa na wanataaluma wenzako, utafiti uliouongoza, tuzo, na tiba uliyoibuni au kuiboresha. Nikamwuliza, "Mjomba, ni kitu gani wodini kilibadilika kwa sababu yako?" Akanyamaza kidogo, kisha akaeleza jinsi walivyoanza kuwahudumia watoto wanaozaliwa utumbo ukiwa nje ya tumbo: wanaufunika kwa mfuko safi wa plastiki na kuurudisha ndani kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Makala aliyoandika kuhusu kazi hiyo ilikuwa imejificha ukurasa wa 27! Tuliihamishia wa kwanza.

Matokeo ya chuo yaache yatumwe moja kwa moja kutoka chuoni. Mjomba alifungua bahasha yenye mhuri "ahakikishe tu", tukaanza upya.

Ajuaye cheti hiki atakwambia pia kwamba kinaishi kwa ajira. Cha Ohio hudumu miaka 2 au muda wa ajira, kutegemea upi ni mfupi, na hutumika katika kituo kilichokuajiri tu, hivyo kliniki ya binafsi ya Jumamosi usiifikirie. Kwa sababu hiyo jadiliana kwa makini kuhusu mkataba, wala usiuache usajili wako wa Baraza la Madaktari Tanganyika ufe. Ada ya usajili huo wa mjomba nailipa mimi kwa simu, naye hunirudishia kabla sijamkumbusha.